Mtu Aliyetuandikia Malaria

Kwetu Garissa ukishasalimiana na mgeni, swali linalofuata ni la ukoo. Unataka kujua babu yake ni nani, wananywesha mifugo kisima gani, na mnakutana wapi katika nasaba. Mtu ninayemwita Muuguzi hakuwa na jibu la swali hilo. Aliletwa mjini na barua ya uhamisho, akashuka kwenye basi la msafara uliosindikizwa na polisi, na sanduku moja, na kwa miaka yote niliyofanya kazi naye sikumwuliza kwao ni wapi. Watu walihesabu hilo kuwa upungufu. Mimi naamini ndilo lililompa kazi. Mtu wa hapa hawezi kumwambia mwenzake kwamba amechoka kuishi, maana mwenzake ana mjomba, mjomba ana mke, na kabla ya adhuhuri habari imeshafika sokoni. Kwa Muuguzi siri haikuwa na pa kwenda. "Huyu hana ukoo," mama mmoja aliniambia kwenye foleni. "Ukimwambia maneno, inakufa kwake."

Katika miaka ya tisini, nikiwa bado msichana, nilikuwa karani mpiga chapa wa kituo kimoja cha afya hapo mjini. Yeye alikuwa muuguzi wa maradhi ya akili, mmoja tu kwa mkoa mzima, kuanzia daraja la Tana hadi mpaka wa Mandera. Nikisema mmoja tu sitii chumvi. Mtu akirukwa na akili Lafey, jamaa zake walimfunga kamba juu ya lori la mifugo wakamleta kwake, siku tatu njiani, na alipofika alikuwa amepungukiwa maji kuliko akili. Muuguzi alimpa maji kwanza. Chumba chake kilikuwa nyuma ya stoo ya chanjo: meza, viti viwili, kabati la dawa lenye kufuli, na dirisha alilolipaka rangi nyeupe hadi usawa wa kichwa ili wapita njia wasijue nani amekaa ndani.

Hakuwa mtu wa kupendeka. Nalisema mapema kwa sababu watu wakishaondoka huwa tunawapaka asali. Alikuwa na hasira za karibu, hasa siku za Ijumaa, mji ukifunga kwa swala naye akabaki bila mtu wa kuzungumza naye. Barua nilizompigia chapa alinirudishia kwa sababu ya nukta moja, ilhali mwandiko wake mwenyewe ulikuwa kama kuku aliyekanyaga wino. "Karani," angesema, "Nairobi haisikii. Nairobi inasoma." Alikunywa chai ya rangi bila sukari, na katika mji unaokunywa maziwa ya ngamia yaliyokolea sukari na hiliki, hilo lilitosha kumfanya ashukiwe kuwa mgonjwa mwenyewe. Aliwaonea wivu wakunga waziwazi. "Mgonjwa wa mkunga akitoka hapa watu wanapiga vigelegele. Wangu akipona, anavuka barabara asinisalimie."

Na ni kweli. Nimemwona sokoni, watu wazima wakigeuza shingo alipopita, wakijifanya wanachagua vitunguu. Hakukasirika. Hicho ndicho kilikuwa kipimo chake. "Yule amepona," aliniambia siku moja kuhusu mwenye duka aliyetupita kama ambaye hakutuona. "Mwaka jana alikuwa ananishika mkono asiuachie."

Msemo wake mwingine ulikuwa kwamba ugonjwa usiotoka damu haupewi gari. Aliomba gari tangu mwaka aliofika, ili awafikie wagonjwa wa Bute na Liboi huko huko waliko badala ya kungoja waletwe wamefungwa. Barua za kuomba nilizipiga mimi. Majibu yalikuwa ya adabu sana.

Siku moja gari zilikuja. Kulikuwa na mama mmoja aliyevuka mpaka wakati vita vya Somalia vilipopamba moto. Aliondoka kwake na watoto watano, akafika Liboi na wawili. Alijaribu kujiua, akaokolewa, akalazwa kwetu. Wakati huo sheria ilisema kwamba anayejaribu kujiua ana kesi ya kujibu, kwa hiyo asubuhi koplo alikuja na daftari lake.

"Nimekuja kuchukua mtuhumiwa," akasema.

Muuguzi alikuwa amesimama mlangoni na chupa yake ya chai. "Mchukue," akamjibu. "Ila ana kipindupindu."

Koplo alirudi kinyumenyume hadi getini. Tulicheka sana, lakini hatukucheka muda mrefu, kwa sababu kabla ya alasiri zilifika Land Rover tatu, mapipa ya dawa, wanaume wenye mabuti marefu, na mkubwa mmoja aliyefunika pua kwa leso. Walinyunyizia dawa hadi taipureta yangu. Sote tulipimwa choo. Baada ya wiki Muuguzi alipata barua ya karipio, na karipio hilo nililipiga chapa mimi. "Umeziona gari, Karani?" aliniuliza akiweka sahihi kwamba ameipokea. "Kumbe zipo." Yule mama aliishi. Baadaye alikuwa akiuza maziwa sokoni, na Muuguzi alipopita aligeuza uso wake.

Kisomali chake kilikuwa cha kuchekesha. Baada ya miaka yote ile bado alitamka maneno kama mtu mwenye kokoto mdomoni, na sijui kama alishindwa au alikusudia. Mgonjwa aliyekaa siku nne bila kunena alimsikia akisema "subax wanaagsan", habari za asubuhi, akamrekebisha bila kujua amefungua kinywa. Muuguzi aliirudia vibaya zaidi ili arekebishwe tena.

Lakini mambo makubwa hakuyauliza moja kwa moja tangu mwanzo. Kumwuliza mwanamume wa kwetu kama ana huzuni ni kumtukana. Alianza na mifugo. Mzee mmoja aliletwa kutoka Bute baada ya ukame uliofagia kila kitu. Alikuwa hali, halali, haswali. Mimi nilikuwepo kama mkalimani. Muuguzi akasema, "Mwambie anitajie ngamia wake." Mzee akaanza, kwanza kwa kuchoka, kisha kwa mpangilio: huyu binti wa yule, yule aliyezaliwa mwaka wa nzige, huyu mkaidi, huyu mwenye kiwele cha titi tatu. Alitaja ngamia waliokufa wote kana kwamba wako nje wanangojea kukamuliwa. Alipofika kwa ndama mmoja akanyamaza. Muuguzi akangoja. Alijua kungoja kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona, hata inzi walitua mikononi mwake asiwafukuze. Kisha akauliza bila kupunguza sauti, "Na wewe, umefikiria kuwafuata?"

Niliona aibu kulitafsiri swali hilo. Nililitafsiri. Mzee akasema ndiyo, kwa sauti ya mtu anayeelekeza njia ya kisima.

Baadaye nilimgombeza Muuguzi kwamba amemtia mzee wazo baya kichwani. Akanitazama kama mtu anayetazama barua yenye kosa. "Wazo lilikuwepo kabla yangu, Karani. Nilichofanya ni kumwambia anaweza kulisema na mtu asikimbie." Mzee yule alikaa kwa mpwa wake mjini miezi mitatu, na kila Alhamisi alikuja kukaa kwenye kile kiti cha pili. Alirudi kwao akiwa na mbuzi wa kuanzia aliochangiwa na ndugu zake, na sikusikia habari mbaya tena.

Minyororo aliichukia, na hapa pia alikuwa na njia yake. Familia zilimfunga mgonjwa kwenye nguzo kwa sababu hazikuwa na la kufanya. Nani angemlinda mtu asikimbilie porini, na watu wote wako malishoni? Muuguzi hakuja na kelele za haki. Alikaa chini karibu na aliyefungwa, akala naye, kisha akaomba jambo moja dogo: mnyororo uongezwe urefu. Wiki hii ufike jikoni. Wiki ijayo ufike mlangoni, aone barabara. Baada ya dawa kushika aliomba ufunguo akabidhiwe mama, si kaka. Katika nyumba kadhaa mnyororo uliongezwa hadi ukawa hauna maana, ukatolewa kimyakimya. Kwenye nyumba moja uliishia mlangoni. Binti yule alikaa mlangoni miaka mitatu, akipungia mkono kila aliyepita, na Muuguzi alibadilisha njia yake ya kurudi nyumbani ili asimwone.

Nakuja kwenye kitabu sasa. Ningependa kukiruka.

Kila mgonjwa aliandikwa kwenye kitabu cha kituo, na mwisho wa mwezi mimi nilikusanya hesabu na kuijaza kwenye fomu ya Nairobi. Fomu ilikuwa na mistari mingi: malaria, kuhara, surua, ajali. Karibu na chini palikuwa na mstari wa maradhi ya akili, na chini yake mstari wa waliojaribu kujiua au kufa kwa kujiua. Mistari hiyo miwili ilikuwa sifuri kila mwezi.

Haikuwa kwa uzembe. Watu walimlilia. Baba mmoja alimshika miguu: "Dakitari, wallahi, ukiandika waali, yaani wazimu, kwa hiyo kitabu, binti yangu nani ataoa? Na dada zake?" Mwingine alisema, kwa Kiswahili chetu kisicho na p, "Andika ajali. Ukiandika ile ingine, bolisi itakuja, na msikitini watauliza kama tumswalie." Kila mmoja alikuwa na haki kwa upande wake. Mji ni mdogo, kitabu kilikaa mezani, na msafishaji wetu alijua kusoma. Basi Muuguzi akaandika kichwa kuuma. Akaandika homa. Akaandika ajali, na wengi zaidi akawaandika malaria, kwa sababu malaria haimpi mtu jina. Wazee wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Nilipomtajia methali hiyo alisema ilitungwa na mtu asiyekuwa na majirani.

Mtu huyuhuyu ndiye aliyeniambia Nairobi inasoma. Sijui alijigawa vipi. Mchana alinipa barua kali za kuomba dawa na muuguzi wa pili, na jioni alinipa kitabu kilichosema hana mgonjwa hata mmoja. Nami nilizipeleka zote mbili kwenye bahasha moja.

Mdogo wangu naye yumo kwenye kitabu hicho. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi Lafey, mtu wa mzaha, aliyetembea na chaki mfukoni akisahihisha vibao vya maduka bila kuombwa. Likizo moja alirudi nyumbani akakaa ukutani, akasema dunia imefungwa na wamesahau kumwambia. Hatukuelewa. Tulimletea sheikh akamsomea, tukamchinjia mbuzi, tukamwambia ajikaze. Siku moja mama alimkuta, akamwahi. Tulimpeleka kituoni kwa mkokoteni wa punda, na mimi, niliyekuwa nikiwacheka wale wenye kushika miguu, nilimshika Muuguzi mkono nikasema, "Andika ajali. Nakuomba."

Akaandika.

Kisha akamtibu. Kulikuwa na sindano moja ya kila mwezi, na maongezi ya kila wiki kwenye kile kiti, na nilimwona ndugu yangu akirudi kidogo kidogo kama mtu anayetoka kwenye maji. Alipata kazi shule ya mjini. Chaki ikarudi mfukoni. Aliingia ofisini kwangu akasahihisha tangazo nililobandika ukutani, nikamfukuza kwa rula, na nilifurahi hadi nikalia chooni. Hali hiyo ilidumu miaka miwili. Nataka ijulikane kwamba ilidumu, na kwamba dawa ile na mtu yule vilitosha.

Katika mwaka wa pili akaja mgeni kutoka Nairobi, bibi mmoja mpole mwenye miwani. Alisema wanatunga mpango wa taifa wa afya ya akili, utakaosema kila mkoa upewe dawa kiasi gani, wauguzi wangapi, vitanda vingapi, na namna ya kuwazuia watu wasijiue. Muuguzi alikuwa amevaa tai. Sikujua ana tai. Bibi yule akafungua faili lake, ndani yake mkiwa na fomu zangu, safi, bila nukta iliyokosewa, akatabasamu.

"Mkoa wenu unanitia moyo," akasema. "Kote nchini nimeona vilio, hapa sifuri. Labda ni dini. Labda ni ukoo, watu wanashikana. Mnatufundisha kitu."

Nikamtazama Muuguzi. Chumbani alikuwemo mkuu wa kituo, alikuwemo msafishaji akigawa chai, na koplo wetu alikuwa ameketi nje barazani akimngoja mgeni amsindikize. Kusema neno moja pale kungekuwa kumtaja kila aliyewahi kukaa kwenye kile kiti, na kukiri kwamba ameghushi kitabu cha serikali kwa miaka. Alikohoa. Akasema, "Fomu hazisemi yote, mama." Bibi akacheka kwa upole, akasema hiyo ni kweli kila mahali, akageuza ukurasa.

Sanduku lililofuata la dawa lilikuja nusu. Lililofuata lilikuja robo. Kisha ikaja barua badala ya sanduku: kwa kuwa mkoa hauna wagonjwa walioripotiwa, dawa zitaelekezwa kwenye mahitaji.

Nilimvamia chumbani kwake na ile barua. Nilimwambia maneno ambayo nisingemwambia baba yangu. Nilimwambia ametuua kwa huruma yake. Alikuwa akikata vidonge vilivyobaki kwa wembe, nusu nusu, na hakuinua kichwa. "Ni kweli," akasema. "Kuanzia sasa nitaandika. Anayekuja mbele yangu kesho, nitamwandika alivyo, hata wanichome nyumba."

Alikwenda Nairobi kwa nauli yake kuomba kwa marafiki wa zamani, akarudi na sindano chache ndani ya soksi. Hazikutosha watu wote. Ilibidi achague, na alimruka ndugu yangu, kwa sababu wengine walikuwa katika hali mbaya naye alikuwa mzima. Alikuja kuniambia mwenyewe, amesimama, mikono nyuma. "Mlete aongee kila siku akitaka. Dawa sina." Nilimletea. Maongezi yalisaidia kwa muda. Lakini ugonjwa ule ulikuwa unamfahamu ndugu yangu kuliko sisi, na ulipoona mlango umebaki wazi uliingia.

Alikufa mwezi wa Shaaban. Sitasema zaidi ya hapo kuhusu siku hiyo.

Muuguzi alifika nyumbani kabla ya maiti kuoshwa. Hakuwa na desturi hiyo. Wagonjwa wake walipokufa alijifungia, mazishini hakwenda. Siku hiyo alikuja, kitabu kikiwa kwapani, akanivuta pembeni ya ua. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Karani, huyu nataka nimwandike alivyokufa. Nilikuahidi, na hadi leo sijathubutu. Nianze na yeye."

Nyuma ya pazia nilimsikia mama akihema. Wanawake walikuwa wameanza kuingia, wanaume wamejipanga kwenye mikeka, na sheikh alikuwa njiani. Nilifikiria mama akipita sokoni maisha yake yote. Nikafikiria watu wakiulizana kama wamswalie. Miezi miwili kabla nilikuwa nimemwita mtu huyu muuaji kwa sababu ya uongo wake, na sasa alikuwa mbele yangu anataka kusema kweli.

"Andika malaria," nikamwambia.

"Karani."

"Andika malaria, au usikanyage hapa tena."

Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akafungua kitabu magotini. Aliandika. Ndugu yangu alioshwa, akaswaliwa na safu nne, akazikwa na watu wengi. Mwisho wa mwezi niliketi kwenye taipureta nikajaza fomu, na nilipofika kwenye ule mstari wa chini niliweka sifuri kwa kidole changu mwenyewe.

Hakunilaumu hata mara moja. Ningependa angenilaumu. Alijaribu na familia nyingine, akiomba idhini ya kuandika, na kila moja ilimjibu nilivyomjibu mimi. Baadaye aliacha kuomba. Alianza kusahau chai yake mezani hadi inapoa. Hatimaye Nairobi ikaona hakuna sababu ya kumlipa muuguzi wa akili mahali pasipo na wagonjwa, akahamishiwa upande wa chanjo, kupima uzito wa watoto. Chumba chake kikawekwa magodoro mabovu. Watu waliendelea kuja na kuuliza, nami niliwaelekeza kwenye mizani, ambako aliongea nao kwa kunong'ona huku mtoto wa mtu akilia kwenye ndoano.

Mara ya mwisho kumwona ilikuwa mwaka wa 1999. Alikuwa amepata barua ya kuhamishwa mbali, akaja nyumbani kutuaga. Alikuwa amekonda, shati limemning'inia. Mama alimkalisha kwenye mkeka, akamtilia chai ya maziwa, yenye sukari, naye akainywa yote.

"Hooyo," akasema, yaani mama, ndivyo alivyomwita siku zote, "nimekuja kuaga."

Mama akasema kwa Kiswahili chake, taratibu, akinielekea mimi na yeye kwa pamoja.

"Dakitari, mimi ndiye nilimkuta mtoto yangu. Si malaria. Wewe unajua, mimi najua, huyu binti yangu anajua. Siku hiyo nilinyamaza nyuma ya bazia, nikaogoba watu. Watu walikula chakula ya msiba, wakaenda. Hakuna mmoja anakuja kuniuliza habari. Sasa wewe unaenda. Hawa wengine, wana ugonjwa ya mtoto yangu, wataenda kwa nani?"

Muuguzi alisema hajui. Sikuwahi kumsikia akisema hajui.

"Basi andika," mama akasema. "Leo. Jina yake yote, na ya baba yake, na ya babu yake. Mimi nakubali. Beleka Nairobi isome."

Muuguzi aliinua kichwa akanitazama, na usoni mwake palipita kitu ambacho nilikuwa sijakiona tangu siku ile ya tai. Alikuwa amelingojea neno hilo kutoka kwa mtu yeyote, mtu mmoja tu, kwa muda wote aliokaa kwetu. Aliweka kikombe chini. Akaanza kutafuta kalamu mfukoni.

Ilibidi niseme mimi. Jumatatu ya wiki hiyo nilikuwa nimefungua vifurushi vya fomu mpya kutoka makao makuu. Zilikuwa fomu nzuri, fupi kuliko za zamani. Mistari iliyoleta sifuri mwaka baada ya mwaka ilikuwa imeondolewa ili kupunguza kazi ya makarani. Malaria ilikuwa imepewa ukurasa wake mzima.

Mama aliniomba nirudie kwa Kisomali, nikarudia.

"Hata mahali ya kuandika hakuna?"

"Hakuna, hooyo," nikamjibu.

Muuguzi alibaki na kalamu mkononi. "Nisamehe," akamwambia mama. Mama akatikisa kichwa. "Si wewe," akasema. "Ni sisi tulikushika mguu."

Aliondoka na msafara wa Jumanne, na hakuna aliyeletwa badala yake. Mwisho wa mwezi huo, siku chache baada ya kumzika mtoto wa jirani aliyekufa kama ndugu yangu, nilijaza fomu mpya. Nilifika chini ya ukurasa, na kwa mara ya kwanza hapakuwa na mahali pa kudanganya.